Bagamoyo Road: maswali yenu na majibu yangu

Wiki hii nimechagua ya Bagamoyo Road ya Dar tu maana ndo yaliyojaa. Twende.

Ali Hassan Mwinyi na Bagamoyo Road ni barabara moja au mbili? Tunabishana hapa kijiweni. (Msomaji, Kinondoni)

Mkeka wa lami ni mmoja, majina mawili. Ukitoka mjini ukapita daraja la Salender na kanisa la St. Peter's uko Ali Hassan Mwinyi, jina la rais wetu wa awamu ya pili aliyefariki Februari 2024. Ukishaiacha Mwenge ukashika Lugalo, Tangi Bovu, Afrikana, Kunduchi, Tegeta, Boko mpaka Bunju, hiyo kila mtu anaiita Bagamoyo Road. Kile kipande cha Morocco mpaka Mwenge utakikuta kwenye anuani za maofisi kwa majina yote mawili, kwa hiyo hapo msigombane. Ukivuka mto Mpiji ushatoka Dar uko Pwani, unaendelea Mapinga na Kerege mpaka Bagamoyo yenyewe, jumla kama kilomita 70 hivi kutoka mjini.

Old Bagamoyo Road iko wapi? Ramani ya simu inanichanganya. (Msomaji, mgeni Dar)

Ndo Mwai Kibaki Road ya sasa, ile ya Mikocheni na Kawe. Nimeshalijibu hili mara nyingi mno jamani, someni vibao, vimeandikwa.

Kwani kwa nini barabara kubwa ya jiji ipewe jina la mji mdogo kama Bagamoyo?

Mdogo leo! Misafara ya kwenda Tabora na Ujiji ilikuwa inaanzia na kuishia Bagamoyo, pembe za ndovu zikishuka pale na watumwa wakishushwa pale, wakati Dar ni mji mchanga ulioanzishwa na Sultan Majid wa Zanzibar miaka ya 1860. Hata Wajerumani makao yao makuu yalikuwa Bagamoyo, wakayahamishia Dar 1891. Kwa hiyo njia ya kwenda Bagamoyo ilikuwa njia ya kwenda kwa wakubwa. Wazazi, wapelekeni watoto wakaone magofu ya Kaole na Mji Mkongwe wa Bagamoyo, sio kila Jumapili mnaishia kwenye hoteli za ufukweni halafu mtoto anamaliza shule hajui hapo palitokea nini.

Eti ni kweli barabara ya Mwenge ilijengwa na hela za sherehe ya Uhuru?

Kweli, ila msikate stori katikati. Wajapani walisaidia kupanua Mwenge–Tegeta, karibu kilomita 13, ikafunguliwa 2014 ikiwa njia nne. Magari yakawa yanakuja vizuri kutoka Tegeta, yakifika Mwenge yanabanwa kwenye njia mbili mpaka Morocco, kilomita 4.3 tu lakini foleni yake ilikuwa mtu anasinzia anaamka bado anaiona Bamaga, hapo hapo karibu na Mwenge. Mwishoni mwa 2015 Rais Magufuli akafuta sherehe za Uhuru za Desemba mwaka huo, akaagiza zile shilingi bilioni 4 ziende kupanua hicho kipande. Baadaye Japani wakarudi tena kukijenga vizuri. Hela ya sherehe ilianzisha, haikumaliza. Halafu ikaja kuchimbwa tena kwa ajili ya mabasi ya mwendokasi awamu ya nne, kutoka mjini mpaka Tegeta na tawi la Mwenge–Ubungo kupitia Sam Nujoma. Mnaolalamika vumbi nawaelewa, ila bila mabasi yenye njia yake hata mkiongeza njia nane zitajaa tu, maana kila anayehamia Bunju anakuja na gari lake.

Nimepata kiwanja Bunju, kinagusa barabara kabisa, bei nzuri, muuzaji anasema serikali ya mtaa wanamtambua. Ninunue? (Msomaji, Tabata)

Hapana! Hili swali linaniuma kwa sababu linakuja kila mwezi na anayeuliza mara nyingi ameshatoa advansi. Sheria ya Barabara ya 2007 imeweka hifadhi ya barabara hizi za TANROADS (wakala wa serikali wa barabara kuu) kuwa mita 30 kila upande kupima kutoka katikati ya barabara, zamani ilikuwa 22.5. Chukua futi kamba, nenda na mtu, pima mwenyewe uone hicho kiwanja kinaangukia wapi, halafu nenda TANROADS mkoa na idara ya ardhi manispaa wakuthibitishie. Mwenyekiti wa mtaa kumtambua muuzaji maana yake anamjua sura, haimaanishi ardhi ni yake. Na angalia kuta za jirani. Kuna fremu ya duka moja nimeiona huko Boko wamepaka rangi mpya ya bluu, lakini ukiikaribia jua la jioni likipiga unaona X nyekundu, alama ya kubomolewa, imejitokeza chini ya rangi, na ndani kuna kijana kashapanga simenti na nondo, kodi kalipa ya mwaka mzima. X nyekundu hulipwi kitu. Ya kijani ndo ya wale waliokutwa na sheria mpya wakiwa kwenye zile mita 7.5 zilizoongezwa, na wewe usinunue kwa kutegemea fidia ya mtu mwingine. Ile nafasi imeachwa kwa ajili ya mitaro, mabomba, watembea kwa miguu na njia za kesho. Mkiijaza mabanda, mvua ya masika inarudi ndani kwenu, watu wa Basihaya wanajua ninachosema.

Nikienda Tanga nipite Bagamoyo au Chalinze?

Kama unatokea Tegeta au Bunju pita Bagamoyo, kuna lami ya kilomita 64 mpaka Msata, unatokea barabara ya Chalinze–Segera bila kugusa foleni ya Kimara wala Mlandizi. Kama unatokea Mbagala sioni sababu. Na ukifika Mapinga na Kerege punguza mwendo, watoto wa shule wanavuka pale.