Kujitolea India kwa wagonjwa wa ukoma: mimi nilikwenda kushona viatu

Salaam aleikum dadangu. Umeuliza kama yafaa, wewe wa Kisauni uliyemaliza diploma ya lishe, kwenda India miezi miwili kujitolea kwa wagonjwa wa ukoma na watoto wao, na umesema mamako hataki hata kusikia. Mimi nilikwenda Januari 2019, nikakaa wiki nne kwenye kijiji cha wagonjwa nje ya Chennai. Si daktari. Babangu ni fundi wa makubadhi Mji wa Kale, Mombasa, na kazi hiyo ndiyo niliyokulia, kwa hivyo majibu yangu yananuka gundi.

Kwanza mama. Ukoma hauji kwa kupeana mkono wala kula sahani moja. Hupita kwa matone ya pua na mdomo ya mgonjwa asiyetibiwa, ukikaa naye karibu muda mrefu, na hata hapo watu wengi mno miili yao huushinda. Akianza dawa haambukizi tena. Dawa ni tatu pamoja, rifampisini, dapsoni na klofazimini, kwa miezi sita au mwaka mzima kutegemea umeenea vipi, na tangu 1995 Shirika la Afya Duniani huzitoa bure. Yote hayo nilimweleza mamangu. Akaitikia "naam, naam", na niliporudi nikakuta kikombe changu kimewekewa rafu yake. Kilikaa huko miezi mitatu.

Nilipofika nilitaraji kuosha vidonda. Bibi msimamizi akanitazama, akauliza mikono yangu yajua nini, nikamwambia ngozi. Akanipeleka karakana ya viatu, na huko ndiko nilikouelewa ugonjwa wenyewe. Vidole haviozi vikadondoka kama tulivyohadithiwa utotoni. Vijidudu hula mishipa ya fahamu, mkono na mguu vikafa ganzi. Mtu hukanyaga kigae asubuhi akakigundua jioni kwa kuona damu sakafuni. Huinua sufuria ya moto kwa mikono mitupu. Kidonda kisichouma hakitunzwi, hufika mfupani, na hapo ndipo kiungo hupotea, hata kwa mtu aliyekwisha kupona miaka ishirini nyuma. Ndiyo maana kila asubuhi wazee walikaa barazani na mabeseni, wakaloweka miguu, wakasugua sugu kwa jiwe, wakajipaka mafuta ya nazi. Harufu ile ilinirudisha nyumbani kila siku.

Jozi yangu ya kwanza niliifunga kamba kwa vijisumari viwili, kama tunavyofanya kwenye akala. Fundi mkuu, mwenyewe amebakiwa na vidole vinne, aliingiza kiganja ndani ya kiatu, akakitoa, akakitupa kwenye pipa. Hakusema neno. Kiatu cha mguu wenye ganzi hakina msumari hata mmoja: ni gundi na uzi, soli ngumu chini, na juu mpira laini wenye vitundu vidogo vidogo ili uzito usambae. Bizimu ya mkanda pia haifai, kwa sababu vidole vilivyojikunja haviwezi kuifunga. Mkanda uwe wa kunata.

Basi kulikuwa na mzee mmoja, wote tukimwita Thatha, yaani babu kwa Kitamil. Alipewa viatu hivyo kila mwaka na havai. Nikadhani ni ukaidi wa uzee. Siku moja akanionyesha barabarani: ukivivaa, kondakta wa basi anajua wewe ni nani kabla hujapanda. Usiku ule nikachukua soli yao nikaiwekea uso wa makubadhi, ngozi nyekundu na mishono ya babangu. Alivigeuza geuza kama anayenunua samaki. Kesho yake akapanda basi kwenda sokoni, na aliporudi alinipita bila kunisalimu, mabega juu.

Kwa watoto sina sifa ya kukupa. Jirani palikuwa na bweni la watoto wa wagonjwa, na siku ya kwanza wakapangwa foleni wakatuimbia wimbo wa kukaribisha wageni. Dadangu, mimi na wewe tunaujua wimbo ule, tumeusikia Mtwapa wazungu wakishuka na mabegi ya pipi. Sikupenda kuwa upande ule. Wamezoea kupendwa wiki tatu na kuachwa, na mimi nilikuwa wa kuondoka. Nikabaki kwenye zipu za mabegi yao ya shule, nikashona zaidi ya arubaini, nao wakanizoea kama unavyomzoea fundi wa mtaa. Wewe una lishe: ulizia jikoni mwao pana upungufu gani, usiombe kucheza na watoto.

Makaratasi upesi. Viza ya utalii ya mtandaoni inaruhusu kujitolea bila malipo mwezi mmoja tu, kwa hivyo miezi miwili yako inataka viza nyingine, usidanganye. Chanjo ya homa ya manjano uchome angalau siku kumi kabla ya safari. Cheti cha tabia njema beba, na mahali penye watoto pasipokiuliza, mimi nisingekaa. Wakala akikudai pesa za kukutafutia "nafasi", mkimbie. Mimi niliandika barua mwenyewe.

Lakini kabla hujakata tiketi, vuka feri. Huku kwetu Pwani ukoma haujaisha, Kwale na Kilifi bado upo, na Msambweni kuna Tumbe, palipokuwa kambi ya wagonjwa tangu zamani. Siku hizi ukoma na kifua kikuu viko chini ya mpango mmoja wa serikali, kwa hivyo anza kuuliza kliniki ya kifua kikuu. Nina jozi mbili za kupeleka upande huo wiki ijayo. Ukiwa Likoni saa moja asubuhi Jumamosi, tutapanda matatu moja, na mamako pia aje akitaka.