Eliza yupi wa kweli?

Mwanangu Salma,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema uliitazama My Fair Lady, ile filamu ya nyimbo ya 1964, ukaipenda, kisha ukaisoma Pygmalion, tamthilia ya Bernard Shaw iliyoizaa, ukakasirika, na sasa wataka kujua Eliza wa kweli, yule muuza maua anayefunzwa matamshi ili apite kama bibi wa heshima, ni yupi: anayerudi kwa Profesa Higgins, au anayemwambia akajinunulie vitu vyake mwenyewe na kutoka? Mimi namshika anayetoka.

Ugomvi huo ni wa zamani kuliko filamu yako. Tamthilia ilipoonyeshwa London mwaka 1914, Beerbohm Tree, aliyekuwa Higgins, alimtupia Eliza maua mwishoni ili watazamaji waondoke wakinusa harusi. Shaw alighadhibika. Mwaka 1916 akaongeza maelezo marefu kitabuni: Eliza anaolewa na Freddy, kijana mpole asiye na kazi, wanafungua duka la maua na hesabu zinawatoa jasho. Haikusaidia. Filamu ya Pygmalion ya 1938 ikamrudisha binti kwa Higgins, na Shaw huyohuyo akapata Oscar ya uandishi kwa filamu hiyo!

Kwa nini aling'ang'ania hivyo? Soma tena kitendo cha nne. Dhifa yenyewe, ambako Eliza anapita kama bibi wa heshima, jukwaani hatuioni kabisa. Tunawakuta usiku wa manane wakirudi, Higgins na rafiki yake Kanali Pickering wakipongezana kwa dau Higgins aliloshinda kwamba atamgeuza, na Eliza amekaa kimya kama hayupo. Halafu sapatu zinaruka: Eliza anamrushia Higgins. Swali lake ni la tumbo, si la mapenzi: sasa niende wapi, nifanye nini? Alipokuwa na kikapu chake sokoni Covent Garden aliuza maua, nafsi yake hakuiuza. Wamemfanya bibi wa heshima, na bibi wa heshima hana cha kuuza ila kuolewa. Lafudhi mpya wamempa, riziki ya kuendana nayo hawakumpa. Filamu ya 1964 nayo inatupeleka kwenye mbio za farasi za Ascot na kwenye dhifa, na mavazi aliyobuni Cecil Beaton yanakujaza macho mpaka swali hilo linapita kama wimbo mmojawapo.

Mtazame pia baba yake, Doolittle mzoa taka. Katika tamthilia anaachiwa urithi wa pauni 3,000 kwa mwaka na ghafla ni mheshimiwa, ndugu wasiomjua wanajaa mlangoni, naye analazimika kufunga ndoa. Nani alimfundisha kutamka? Hakuna. Shaw ameweka mizani hapo bila kelele: binti anahenyeka miezi na ulimi wake, baba anapandishwa na pesa kwa barua moja ya wakili. Filamu inamwimbisha na kumlewesha, tunacheka, tunasahau kulinganisha.

Ila nisiionee. Kwenye masomo filamu inashinda. Shaw wa 1913 karibu anayaruka, lakini kwenye filamu unaona uchovu, ukaidi, kisha ile furaha ya usiku ambao matamshi yanakaa sawa na wote watatu wanacheza sebuleni. Mtu aliyewahi kujifunza kitu kigumu ukubwani anaijua furaha ile.

Kuna jambo la nyuma ya kamera ambalo huniudhi kila nikilikumbuka. Rex Harrison, aliyeigiza Higgins, alivalishwa maikrofoni isiyo na waya ili uimbaji wake unaswe palepale anapoigiza. Audrey Hepburn, aliyeigiza Eliza, sehemu kubwa ya nyimbo zake waliiondoa wakaweka sauti ya mwimbaji Marni Nixon. Hadithi ya msichana anayeambiwa sauti yake haifai, na watengenezaji wakamwambia mwigizaji hivyohivyo.

Uliuliza kama wewe nawe, kwa vile unavyozungumza siku hizi ofisini, umekuwa Eliza. Eliza mwenyewe anasema elimu yake ilianza siku Kanali Pickering alipomwita Bi Doolittle, siku ya kwanza alipofika nyumbani kwa Higgins. Kwa hiyo mimi sijali unatamka vipi. Niambie wanakuitaje huko, na mshahara unatosha kodi?

Ukiitazama tena filamu, izime pale Higgins anapokaa peke yake akisikiliza sauti ya zamani ya Eliza kwenye mashine, kabla mlango haujafunguliwa. Utakuwa umemaliza pazuri.

Mama yako