Afande, nimekamatwa kwa kosa gani?

Maswali ya mwezi huu karibu yote yametoka kaunta ya kituo cha polisi. Ninayojibu ni sheria ya Kenya. Msomaji wa Tanga au Kampala ana vifungu vyake, asije akamsomea afande wa huko Katiba yetu.

Nilisimamishwa saa tatu usiku nikitoka kazini hotelini. Nilipouliza kosa langu nikajibiwa, "Utajua mbele ya safari." Nilikosea kuuliza? (Msomaji, Nyali)

Hukukosea, ndugu yangu. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinataka anayekamatwa aambiwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa, haki yake ya kunyamaza, na yatakayomfuata akiamua kusema. "Utajua mbele ya safari" si sababu.

Ila uliza kwa adabu, mikono ikionekana: "Afande, nimekamatwa, au naendelea na safari yangu?" Ukijibiwa umekamatwa, nenda. Usijivute wala usimsukume mtu, kwa maana wapo walioshikwa bila kosa wakalipata papo hapo, la kumzuia afisa kufanya kazi yake. Wakati huo macho yako yawe kifuani pake. Sheria ya polisi inamtaka afisa aliyevaa sare awe na jina au nambari yake ya kazi mahali panapoonekana. Ikariri ile nambari.

Mwanangu alishikwa Ijumaa saa kumi jioni. Kituoni wameniambia nirudi Jumatatu. Saa 24 si zimekwisha? (Mama, Changamwe)

Mama, pole. Hapa sheria ina mlango wa nyuma, na polisi wanaujua vizuri kuliko sisi. Katiba inataka mtu afikishwe kortini haraka iwezekanavyo, isizidi saa 24 tangu akamatwe. Lakini inaongeza kwamba saa hizo zikiishia nje ya saa za korti, au siku ambayo si ya korti, afikishwe kabla ya kwisha siku ya korti inayofuata. Za kijana wako ziliishia Jumamosi saa kumi, kwa hivyo zikasukumwa hadi Jumatatu. Wakenya tumeupa mchezo huu jina, kamata kamata ya Ijumaa.

Usikubali kurudi nyumbani na jibu hilo, lakini. Bondi ya polisi, yaani kuachiliwa kwa ahadi ya maandishi kwamba utarudi ukihitajika, haina wikendi. Mkuu wa kituo, yaani OCS, anaweza kumwachilia Jumamosi au hata Jumapili alfajiri, mradi kosa si mauaji, uhaini, wizi wa mabavu au jaribio lake. Muombe OCS mwenyewe. Aliye kaunta usiku mara nyingi hana la kuamua.

Tena ulizia saa iliyoandikwa kwenye OB, kile kitabu cha matukio cha kituo. Nimekalia ile benchi ya mbao mara nyingi na nimeyaona: kijana ameingizwa kwenye gari la doria magharibi, amezungushwa mitaani huku wengine wakikusanywa, na kitabuni anaandikwa saa sita za usiku. Hesabu huanza pale mkono wa afande ulipomshika, si pale biro iliyofungwa kwa uzi ilipogusa karatasi. Mwambie kijana aitaje saa hiyo mbele ya hakimu. Na wewe andika nambari ya OB kwenye simu yako.

Na saa 24 zikipitwa kweli, kesi hufa? Miaka ya 2000 Mahakama ya Rufani iliwahi kumwachilia mtu kwa sababu alicheleweshwa kufikishwa kortini. Mwaka 2010 mahakama hiyo hiyo ikabadili msimamo: kesi inaendelea, na aliyecheleweshwa anaweza kudai fidia. Kwa hivyo usijenge utetezi wako wote juu ya saa.

Nilitoa 5,000 za bondi, sikupewa risiti. Nitarudishiwa? (Bodaboda, Mtwapa)

Bila risiti, sahau. Bondi ni ahadi ya maandishi kwamba utakuja utakapohitajika, nayo ni bure. Vituo vingi vimebandika bango linalosema hivyo, mara nyingine juu ya kichwa cha yule anayekuomba pesa. Dhamana ya pesa taslimu ni kitu kingine: unalipa, unapewa risiti, na ukitimiza masharti unarudishiwa. Ulichotoa wewe, bwana, ni chai.

Jambo moja zaidi, kwa kuwa nyinyi wa boda hushikwa kwa vikosa vidogo. Kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake, au kifungo kisichozidi miezi sita, Katiba imekataza mtu kuwekwa rumande kwa ajili yake.

Polisi anaweza kunilazimisha nifungue simu? Na je, afisa wa kiume anaruhusiwa kunipekua? (Dada, Tudor)

La pili kwanza: hapana. Mwanamke hupekuliwa na mwanamke mwenzake, kwa heshima, na ukidai hivyo si ukaidi. Kuhusu simu, kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda mawasiliano yako, na sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 inampeleka afisa kortini kuomba kibali cha kupekua data. Sema, "Sikubali, afande, naomba kibali," kisha nyamaza. Akiichukua, usipigane naye. Hakikisha imeandikwa pamoja na mkanda wako na vitu vingine unavyoacha kaunta kabla ya kuingia seli na kiatu kimoja.

Nilitia saini taarifa ambayo sikuisoma. Nimejifunga? (Kisauni)

Pengine sivyo. Maungamo hayapokelewi kortini ila yametolewa mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi wa cheo cha Inspekta kwenda juu ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, na mtu wa tatu uliyemchagua mwenyewe awepo. Mwambie wakili wako leo, usingoje siku ya kesi. Huna pesa za wakili? Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria imewekwa na sheria ya 2016 kwa ajili ya watu kama wewe.

Mpwa wangu ana miaka 16, amelala seli moja na watu wazima. (Mjomba, Likoni)

Hilo ni kosa la kituo. Mtoto huzuiliwa pale tu njia nyingine zimeshindikana, kwa muda mfupi kabisa, na mbali na watu wazima. Chukua cheti cha kuzaliwa uende sasa hivi, kwa sababu kijana mrefu mwenye sauti nzito huandikwa 18 bila kuulizwa.

Nilipigwa nikiwa mikononi mwa polisi. Nianzie wapi? (Msomaji, jina limehifadhiwa)

Hospitali, leo, kabla uvimbe haujashuka. Piga picha. Kisha andikisha OB na uombe fomu ya P3, ile ya polisi ya kueleza majeraha, ijazwe na daktari. Kituo kile kikikataa kukuandikisha, nenda kingine, halafu peleka malalamiko IPOA, mamlaka huru iliyoundwa kwa sheria ya 2011 kuchunguza polisi. Watakuuliza tarehe, saa, mahali, na ile nambari ya kifuani.