Chuo kidogo cha uandishi wa habari: ulizia kwanza kazi za wanafunzi zinatoka wapi

Mtoa mada amepata nafasi ya stashahada ya mawasiliano na uandishi wa habari kwenye chuo kidogo, studio moja, wakufunzi wa kuhesabika. Anauliza ajiunge au asubiri mwaka mwingine ajaribu chuo kikuu chenye jina. Wengi humu wamemwambia asubiri. Mimi nimesoma chuo cha namna hiyo na sasa nahariri habari redioni, kwa hiyo nijibu kwa upande ninaoujua.

Mdogo wangu, ukubwa wa chuo uweke pembeni kwanza. Ulizia kazi za wanafunzi zinatoka wapi. Kuna gazeti, hata la kurasa nne, linalotoka kwa tarehe inayojulikana? Kuna redio ya chuo inayosikika nje ya geti? Ukiambiwa "tuko kwenye maandalizi", kaa chonjo. Habari inayosomwa na mwalimu peke yake ni zoezi tu, hakuna atakayekupigia simu kulalamika kwamba cheo chake umekikosea.

Kama gazeti au redio ipo, uchache wenu ni mtaji. Rafiki zangu waliokwenda vyuo vikubwa walisubiri sana kushika mitambo. Sisi muhula wa kwanza tulishazoea kuvaa hedifoni kabla ya kubonyeza kitufe cha kurekodi, kuchukua sekunde 30 za ukimya wa chumba ili baadaye kuwe na cha kuzibia pale ulipokata sauti, na kushikilia picha moja sekunde 10 bila kuhamisha kamera. Mambo madogo haya, lakini hayaingii kwa kusoma notsi.

Faida kubwa zaidi ni kuhaririwa ukiwa umekaa hapo hapo. Mkufunzi wetu alikuwa mhariri mstaafu wa gazeti na slaidi hakuzipenda hata kidogo. Unampelekea habari, anakwambia isome kwa sauti. Kila sentensi anakukatiza: "Nani kasema?" Unajibu, mlezi wa bweni. "Kakwambia wewe, au umesikia?" Kaniambia mimi. "Haya, mtaje. Endelea." Ukifika kwenye "inasemekana" anachukua kalamu na kukata, wala hakuelezi kwa nini.

Kuna siku mwenzetu alileta habari inayoanza hivi: "Kikao cha serikali ya wanafunzi kilifanyika juzi katika ukumbi wa chuo na kuhudhuriwa na viongozi mbalimbali." Mzee akamuuliza, kwani wameamua nini? Wamekubaliana na uongozi maktaba isifungwe saa mbili usiku, iwe saa nne. "Na hilo umeliweka aya ya ngapi?" Ya sita. Akamsogezea karatasi tupu. Habari ikaanza upya: "Maktaba ya chuo itakuwa wazi hadi saa nne usiku kuanzia Jumatatu." Somo la piramidi iliyogeuzwa, yaani lililo muhimu zaidi lianze juu, lilikuwa limeisha. Kwenye darasa la watu 200 ungerudishiwa karatasi yenye alama 60, usijue sentensi ipi imekuangusha.

Nadharia nazo usizikimbie. Fomula ya mtaalamu wa Kimarekani Harold Lasswell ya mwaka 1948 (nani anasema nini, kwa njia gani, kwa nani, na kwa matokeo gani) utaikariri upende usipende. Iliyonikaa mimi ni utafiti wa msomi wa uandishi wa habari David Manning White uliochapishwa mwaka 1950, kuhusu "mlinda lango", yaani mtu anayeamua habari ipi ipite na ipi itupwe. Alimfuatilia mhariri mmoja wa gazeti la mji usio mkubwa, akamwomba aandike sababu ya kila habari aliyoitupa kwa wiki nzima. Sababu nyingi zilikuwa za nafasi kujaa, ila nyingine zilikuwa mapenzi na chuki zake tu. Sisi gazeti letu mhariri alikuwa mwanafunzi mwenzetu, kwa hiyo mlinda lango wa kwenye kitabu tulikuwa tunabishana naye uso kwa uso.

Sasa ubaya wake, ambao wanaosifia vyuo vidogo huwa hawausemi. Mnajuana mno. Unayemwandika leo utapanga naye foleni ya chakula kesho, na chanzo chako ni mtu mnayelala naye chumba kimoja. Kuficha jina la chanzo ni kazi ngumu kweli: ukiandika "mwanafunzi wa kike wa mwaka wa pili anayesomea upigaji picha", chuo kizima kimeshamjua, maana yuko peke yake. Tulijifunza kuondoa mwaka, kozi na jinsia, wakati mwingine hata bweni, mpaka maelezo yamfae mtu yeyote.

Halafu kuna mamlaka. Tulifuatilia habari ya maji kukatika bwenini. Kiongozi mmoja wa utawala akataka kuisoma kabla haijatoka. Mkufunzi akatuelekeza: msomeeni maneno yake mwenyewe ayathibitishe, mpeni nafasi ya kujibu malalamiko, habari nzima msimpe. Ikatoka, majibu yake yakiwa aya ya pili. Alinuna, kisha akazoea. Lakini zipo habari nyingine ziliishia droo ya mkuu wa chuo, na hatukuwa na pa kukata rufaa. Kwa hiyo waulize wanafunzi waliopo, usiulize ofisi ya udahili, nani mwenye neno la mwisho juu ya kinachochapishwa.

Mengine kwa kifupi. Hakikisha chuo kimesajiliwa na mamlaka husika na kwamba cheti chake kitakubalika ukitaka kuendelea na shahada. Nafasi ya mafunzo kwa vitendo utaitafuta mwenyewe, maana waliosoma hapo si wengi kwenye vyumba vya habari. Tunza nakala ya kila kazi yako iliyotoka, yenye jina na tarehe, ndiyo utakayotembea nayo.

Kwa hiyo, asubiri? Kama hapo kuna chombo kinachotoka na mtu aliyewahi kuhariri kweli, asisubiri. Kama hakuna, hata mimi namwambia asubiri. Nenda siku ya kawaida ya masomo, usiende siku ya kukaribisha wageni, uombe kuiona studio. Ukiambiwa mwenye ufunguo hayupo, ulizia huwa anakuja lini, na mara ya mwisho wanafunzi waliingia kurekodi nini.