Maji Yameng'aa, Wadudu Hawajarudi

Swali: Kikundi chetu hapa Lushoto kilipanda miti ya asili kando ya kijito na kuzuia mifugo. Baada ya miaka mitatu maji yanang'aa, lakini chini ya mawe tunakuta mabuu wekundu wa topeni tu. Je, tuchote wadudu kutoka kijito cha msituni tuwalete hapa?

Jibu: Msiwalete bado. Fuateni kwanza kijito hadi kwenye chanzo. Kama kinatoka msituni bila kukatizwa na bwawa, wadudu tayari wanawafikia, kwa kuwa tunutu (wadudu wachanga wa majini) wengi huachia mawe usiku na kuchukuliwa na mkondo. Wakifika wasikae, kuna jambo linalowaua, na hata ndoo kumi za wengine zitaishia hapo hapo.

Inueni jiwe palipo na maji yaendayo kasi. Tunutu mwenye mwili bapa na mikia mitatu, ambaye matamvua yake hupepea ubavuni, hujibana upande wa chini, maji yanakopenya kati ya kokoto. Jiwe likiwa limezama nusu kwenye tope, upenyo huo haupo, na miti ya kingoni peke yake haitaufungua ikiwa mashamba ya juu yanalimwa bila matuta. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni dawa za mboga. Viuatilifu vya pairethroidi huua wadudu wa maji kwa kiasi kidogo mno, na bomba moja la kupulizia likisuuzwa kijitoni linatosha kufuta kazi ya miezi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka kingo za mto. Itumieni mnapozungumza na wakulima.

Ikithibitika kwamba kijito kimetengana na msitu, wadudu wasiweze kufika wenyewe, ombeni kibali cha bodi ya maji ya bonde, kisha zamisheni vifuko vya wavu vyenye majani makavu katika kijito cha bonde hilo hilo kwa wiki kadhaa ili wadudu waingie, na mvihamishe alfajiri vikiwa vibichi na baridi. Kagueni kila kifuko kabla ya kukiweka: Usambara imewahi kuwa na ugonjwa wa usubi (upofu wa mtoni), na mabuu wa inzi wanaoueneza huishi kwenye maji ya kasi, wengine wakiwa wamejishikiza kwenye kaa. Hao, pamoja na kaa wenyewe, wabaki walikotoka.

Rudieni mara kadhaa, kisha subirini masika na vuli vipite. Mkikuta tunutu wachanga kabisa chini ya mawe, hao wamezaliwa hapo.