Usiegeshe gari lako mbele ya duka lako

Usilipe! Umesema umepata duka la friji na televisheni katikati ya Nairobi, na dalali anakuhimiza uyakatie magari yako mawili tiketi za mwezi yashinde hapo mbele, "jirani asije akachukua nafasi." Maneno hayohayo niliuziwa mimi, na hasara ikawa yangu wakati dalali wangu keshakula komisheni. Tiketi ya mwezi inalipia gari, hainunui nafasi. Na gari lako likishinda mlangoni, unayemfungia njia ni mteja.

Ada ya kaunti barabarani ni ya siku nzima: wa dakika ishirini na wa tangu alfajiri wanalipa sawa. Ndiyo maana asubuhi mapema nafasi zimeshajaa magari ya wenye maduka na watu wa ofisini, hayatoki hadi jioni. Piga hesabu: nafasi 10, saa 10 za biashara. Kila gari likishinda, umepata magari 10. Kila moja likikaa dakika 40, ni magari 150. Lami ni ileile.

Mnunuzi wa friji hatafuti pa kulaza gari. Anataka dakika kumi tu, pikapu irudi kinyumenyume hadi mlangoni. Akikosa, anasimama mstari wa pili, askari wa kaunti wanafunga gurudumu, na faini anakudai wewe. Au friji inapakiwa mkokoteni hadi mtaa wa tatu, inafika mlango umebonyea, inarudi kwako.

Kabla ya kusaini, nenda Jumanne na Jumamosi, simama mkabala na duka saa tatu hadi saa tisa. Kila nusu saa andika tarakimu tatu na herufi ya mwisho ya namba ya kila gari. Namba zilezile zikijirudia mara sita mfululizo, hapo majirani wamepageuza pa kulaza magari yao. Waone, mkubaliane magari yenu yote yaende kwenye maegesho ya kulipia ya nyuma.

Na kaunti ikija na ada ya kwa saa badala ya ya siku, msiiogope. Old Pasadena, mtaa wa maduka huko California, Marekani, wenye maduka walizipinga mita za kulipia maegesho, huku wafanyakazi wao wenyewe ndio waliojaza nafasi. Mwaka 1993 walikubali dola 1 kwa saa kwa sharti fedha zitengeneze njia za miguu na taa za mtaa huohuo. Mtaa ukafufuka.

Ukishahesabu, ziweke namba hapa tuzione kabla hujatoa amana.