Pushirodi haipindi bure: maswali ya wasomaji

Maswali ya safari hii karibu yote ni ya pushirodi, zile fimbo nyembamba zinazopokea msukumo wa kamshafti (mhimili wenye nundu) ubavuni mwa injini na kuupandisha hadi kwenye roka juu ya hedi, yaani kichwa cha injini. Roka ndiyo inayobonyeza vavu, vile vilango vya kuingiza hewa na kutoa moshi.

Fundi, shikamoo. Nina Isuzu yenye injini ya 4BD1. Nilikuwa nateremka na mchanga, nikitaka gia ya tatu ikaingia ya kwanza. Injini ikalia vibaya sana. Tangu siku ile inagonga ta-ta-ta, inatetemeka na kutoa moshi mweupe. Nimeambiwa ninunue nozeli, zile za kupulizia dizeli. (Dereva, Konde)

Marahaba, mwanangu. Pesa yako ikae mfukoni kwanza. Gavana ya pampu hukata dizeli injini ikizidi mbio, lakini haina amri juu ya magurudumu. Lori lenye mzigo likiisukuma injini kutoka nyuma, mizunguko hupanda itakavyo. Springi haziwahi kuzirudisha vavu, pistoni inapanda na kuzikuta bado wazi. Vavu inagongwa, roka inabana, na kilicho chembamba ndicho kinachopinda.

Injini ikiwa inanguruma polepole, legeza nati ya paipu ya nozeli moja, sikiliza, ikaze, kisha nenda ya pili. Funika kitambaa na uso uweke mbali, dizeli hiyo hutoka kwa nguvu. Kwenye silinda nzima mlio utabadilika. Kwenye mbovu, ulegeze usilegeze ni mamoja. Moshi wako mweupe ni dizeli ya silinda hiyo inayotoka bila kuungua.

Sasa zima, fungua mfuniko wa tapeti, tia spana ndefu kwenye boliti ya puli ya krenki (mhimili mkuu wa injini) uzungushe kwa mkono, macho yako kwenye roka. Kila moja ishuke mara moja katika mizunguko miwili ya krenki, na zote zishuke sawa. Yenye fimbo iliyopinda imelegea, ukiishika inacheza, na ikishuka haifiki walipofika wenzake. Ikiwa ni ya vavu ya ekzosi, moshi uliokosa njia hurudi kupumulia kwenye chujio la hewa.

Toa fimbo zote uzibingirishe juu ya kioo. Iliyonyooka inakwenda kimya, iliyopinda inachechemea na mwanga unapita chini yake. Kwa mkasa wako, hata ukizipata fimbo mpya, hedi lazima ishuke. Vavu iliyogongwa na pistoni huenda imepinda nayo, na siku itakapokatika kichwa kitaangukia ndani ya silinda.

Siwezi kuinyoosha kwa nyundo, nikapata rizki wakati nangoja spea kutoka Dar? (Mkoani)

Hapana. Chuma kikishapinda kimepoteza nguvu, na nyundo haikurudishii urefu wake.

Lori lililala pwani tangu masika. Nilipoliwasha likapinda fimbo tatu. Nimetia mpya, hata siku haikwisha mbili zimepinda tena. Zile mpya ni bandia? (Kizimkazi)

Usiwalaumu wauza spea, bwana. Vavu zako zimekwama. Hewa ya chumvi na unyevu wa miezi ile vimeingia kupitia ekzosi, vikatia kutu kwenye shina la vavu na kile kibomba inamopanda na kushuka. Kamshafti inasukuma, vavu haitaki, fimbo inakuwa kati. Hakikisha pistoni ya silinda hiyo haiko juu, kisha ibonyeze vavu kwa mti kupitia ncha ya springi yake. Nzima inaruka kurudi. Yako nadhani itasita, au haitashuka kabisa. Hapo ni kushusha hedi na kusafisha, wala usidanganyike na kumimina mafuta ukaliwasha hivyo hivyo.

Safari nyingine lori likilala muda mrefu, fungua mfuniko kabla ya kugusa ufunguo. Tia oili kwenye mashina ya vavu, zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili mizima. Ikigoma mahali, simama hapo hapo.

Fundi alipima tapeti jana, leo fimbo moja imepinda. Amekosea vipimo? (Mama mwenye gari, Mwera)

Pengine vipimo ni sahihi, dada yangu. Nafasi kati ya roka na vavu, ndiyo inayopimwa, kwa 4BD1 ni 0.40 mm injini ikiwa baridi. Ila alipolegeza skrubu, ncha ya chini ya fimbo ilitoka kwenye kikombe chake kinachokaa juu ya kamshafti, akakaza ikiwa imekaa ukingoni. Kabla ya kukaza, kila fimbo izungushwe kwa vidole ionekane imekaa. Nilipokuwa najifunza kazi niliichomoa moja kwa pupa, oili ikanyanyua kikombe nacho kikaanguka kando. Tulikitafuta hadi alasiri. Tangu hapo naiyumbisha kidogo kushoto na kulia kabla ya kuvuta, na kila fimbo naichomeka kwenye boksi la karatasi nililolitoboa matundu manane, nimeandika namba, kusudi irudi pale pale ilipotoka.

Hilux yangu ya 2L inagonga juu. Ni pushirodi? (Chake Chake)

2L haina hata moja, kamshafti yake iko juu kwenye hedi na inavutwa na mkanda. Uliza mkanda huo ulibadilishwa lini.